Kaburi la Mchunga Radi

Nyansiongo,
11 Februari 2024

Kaka yangu Ombati,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Hujambo? Kifua kimeacha kukubana? Na masikio je? Mimi kukupigia simu nimeachana nako kabisa. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu, ukanijibu kwamba kuku wanataga vizuri. Ule mtambo wa kusaga posho uliousimamia miaka yote umekuachia ngurumo yake kichwani, na mimi siwezi kushindana nao. Afadhali karatasi. Edinah huja huku kila wiki kuchukua kabichi za kuuza Birongo, naye amekubali kuwa posta yetu.

Sisi tu wazima. Baridi ya Nyansiongo unaijua, asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimenyunyiziwa unga. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike. Linda wangu bado anafundisha watoto wa chekechea, anasema mjomba asisahau ndizi alizomwahidi.

Sasa keti chini nikueleze. Watu wa filamu wamekuja. Walitafuta mahali palipoinuka, peupe, pasipo nyumba wala mti, wakaona lile shamba langu la kulishia ng'ombe. Mkubwa wao ni mwanamke, Celestine, mzaliwa wa Kiogoro, mfupi, anavaa gambuti kama zangu. Filamu yenyewe imetolewa kwenye kitabu kiitwacho Mchunga Radi, hadithi ya injinia wa siku ambazo bado hazijafika. Na anayeigiza huyo mchunga radi ni Ian. Ian wako. Analala chumba cha Linda cha zamani. Sikumwita mimi, ni kazi imemleta, na nakuambia mapema usije ukasikia sokoni.

Kila jioni ananiuliza, "Shangazi, mzee amesemaje?" Nami namwongezea chai. Ni miaka miwili tangu umwambie asikanyage kwako mpaka arudi chuo cha ualimu. Mimi si hakimu wenu. Ila ni mtoto wako wa pekee, mama yake Bitutu ametangulia, na ninatamani kumwona akipita lile lango lako wakati wewe bado una nguvu za kulifungua.

Kitabu wameniazima. Nimeanza kukisoma. Niandikie upesi.

Dada yako,
Esnah

Birongo,
3 Machi 2024

Dada Esnah,

Barua nimeipata, ikinuka kabichi. Mimi mzima, mzima sana, mbuya mono. Kifua kimetulia. Migomba imebeba vizuri mwaka huu, mmoja umeelemewa hadi nimeuwekea nguzo. Kanisani tumebadilisha mabati ya upande wa kinamama, maana walikuwa wananyeshewa wakisema ni Roho ameshuka. Mwambie Linda ndizi zake zinakuja na Edinah.

Kuhusu mgeni wako, sijasikia kwamba umepata mgeni. Masikio yangu unayajua.

Lakini mtu mzima, aliyebakisha muhula mmoja tu awe mwalimu, kupakwa unga usoni na kujiita injinia! Nasema tu kwa ujumla. Simsemi mtu.

Jambo moja halinipendezi. Sisi watu wa huku radi hatuifanyii mchezo. Umesahau ng'ombe wa baba chini ya mkaratusi, walivyolala wote wakitazama upande mmoja? Leo mtu anajiita mchunga wake. Na mwisho wa huyo mchunga ni nini? Nauliza tu, kwa kuwa wewe unasoma.

Nijibu.

Ombati

Nyansiongo,
24 Machi 2024

Kaka mpendwa,

Sabato njema iliyopita na ijayo. Sisi wazima, Linda anashukuru kwa ndizi, amekula mpaka akakosa usingizi. Mvua imeanza. Ian yuko salama, najua hukuuliza.

Kaka, nimekimaliza kitabu. Nimekisoma jikoni, nimekisoma zizini, siku moja maziwa yakachemka yakazima moto mbele ya macho yangu. Mimi niliyeishia darasa la nane sikujua kwamba mtu anaweza kukaa chini akazitazama siku ambazo Mungu bado hajazileta, akaziandika kama anayeziona dirishani.

Katika siku hizo mlima umepasuka mbali huko, vumbi limefunika anga, jua halionekani. Stima hakuna. Kilichobaki ni radi. Injinia Tindi amesimamisha milingoti ya chuma juu ya vilima. Anaita radi, inashuka, anaihifadhi chini ya ardhi kama sisi tunavyohifadhi maji kwenye tangi, halafu anawagawia watu. Hospitali zinawaka kwa ajili yake. Watu wanawapa watoto jina lake. Na ni mtu mzuri, kaka! Hilo ndilo lililoniumiza. Si mwizi, si mlevi. Kuna kijiji kimoja cha mwisho kinachokufa kwa baridi, na yeye hawezi kulala kabla hakijaota moto. Basi anajenga mlingoti mrefu kupita yote. Mkewe anamwambia, "Huu umezidi, Tindi." Anamjibu, "Radi inanijua." Wakati wa kuuwasha ulipofika, radi za nchi nzima zikaja kwa pamoja, na mji anaoupenda ukaungua, pamoja na mkewe.

Yeye hafi. Hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kutazama anga, na anga ilikuwa ile ile, lakini mimi sikuwa yule yule. Hafi! Anahamia mji mwingine, anabadilisha jina, anazeeka akitengeneza taa. Watoto wa huko wana wimbo wa kumlaani Tindi, wanaruka kamba kwa wimbo huo. Naye ndiye anayewashikia kamba.

Ninakutumia kitabu chenyewe, Celestine ameniachia. Filamu mwisho wake si huo. Wa filamu nitakueleza siku nyingine.

Ian hufanya mazoezi zizini. Humkazia macho ng'ombe mweusi na kusema, "Radi inanijua!" Ng'ombe anaendelea kutafuna. Nikamwambia, "Huyo hajakuamini." Akasema, "Shangazi, huyo ni baba mtupu." Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Niandikie hata mistari mitatu.

Esnah

Birongo,
8 Aprili 2024

Esnah,

Salamu. Leo sina habari za kanisa wala za kuku.

Edinah amefika sokoni akasema kuna kaburi shambani kwako, la urefu wa mtu, na aliyepimiwa ni Ian. Anasema lilichimbwa Ijumaa, likashinda wazi Sabato nzima, na jana likafukiwa tupu. Tupu, Esnah! Wewe ni binti wa nani? Hukumbuki wazee walivyosema, kwamba kaburi likishachimbwa halirudishwi bila kitu, kwa sababu litamtafuta liliyeahidiwa?

Mimi ni mzee wa kanisa. Nimesimama mbele ya watu nikafundisha kwamba shimo ni shimo. Najua. Usinihubirie. Lakini nilimzika Bitutu hapa nyuma ya nyumba, na sitaki ardhi izoee njia ya kuja kwangu.

Edinah anakuletea shina la mgomba. Huko kwenu baridi haiachi migomba ikanenepa, kwa hiyo nimekata wa hapa kwangu, ule uliokuwa na nguzo. Nimelipima kwa mwimo wa mlango wa chumba chake, pale mama yake alipokuwa akimwekea alama za kukua. Lizikeni mahali pake mchana, watu wakiona.

Usimwambie mchungaji. Na mgeni wako usimwambie limetoka kwa nani.

Nijibu kwa Edinah huyo huyo.

Ombati

Nyansiongo,
21 Aprili 2024

Kaka yangu,

Pole, pole sana. Kwenye ile barua kalamu yako imetoboa karatasi, nimeona. Sisi wazima, wote, na nikisema wote namaanisha wote.

Nilikuficha mwisho wa filamu kwa sababu niliogopa hivi hivi. Kwenye filamu Tindi anapanda mlingoti mwenyewe, radi inamuua, na watu wanamzika. Nilimwuliza Celestine, "Na watoto wa kamba umewapeleka wapi?"

Akasema, "Mama, kitabu kinaweza kukuketisha ndani ya moyo wa mtu miaka thelathini. Mimi nina saa mbili na uso wa Ian. Kaburi macho yanaliona."

Nikamwambia, "Kufa ni rahisi kuliko kushika ile kamba."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana siwezi kuipiga picha."

Basi lilichimbwa Ijumaa mchana na vijana wa kanisa letu. Ilikuwa wapige picha saa kumi, ukungu ukaingia, ukalala juu ya shamba kama ng'ombe mgonjwa. Tukangoja uinuke. Ulipoinuka jua nalo likawa linazama, na unajua huku, jua likizama Ijumaa Sabato imeingia, sepeto inawekwa chini. Celestine akapaza sauti, "Basi lifunikeni hata kwa mbao!" Vijana wakatazamana. Mmoja akamwambia kwa upole, "Dada, hiyo nayo ni kazi." Celestine alikulia kwa Wakatoliki wa Kiogoro, hakuwa amelipigia hesabu hilo. Na mimi ninayelijua nilikuwa jikoni nikipikia watu arobaini, sikulikumbuka.

Likashinda wazi. Baada ya ibada mzee Ombui, jirani yangu, akaja na koti lake la Sabato, akalizunguka, akaniuliza, "Esnah, umemkaribisha nani?"  Niliomba kutwa nzima, na katikati ya maombi nilikuwa nakwenda dirishani.

Jumapili asubuhi wakapiga picha. Ian alilala kwenye jeneza, wakalishusha kwa kamba. Sisi kinamama wa Dorkasi wa kanisani tuliombwa kuimba na kujifanya tunalia. Kaka, nilimtazama mtoto wako akiteremka ndani ya udongo wangu, uso wake umetulia kama wa Bitutu siku ile, na sikujifanya. Hakuna aliyejifanya. Celestine akapiga kelele, "Kata!" Tukaendelea kuimba. Akapiga tena, "Jamani, kata!" Wapi. Mwishowe akakaa kwenye nyasi akalia na yeye. Mpaka Ian alipochungulia kutoka chini akasema, "Shangazi, huku kuna baridi, nitoeni!" ndipo tukanyamaza. Ninaogopa kusema neno kubwa, lakini nilipomwona akipanda kutoka shimoni na udongo kwenye nywele, nilivua kitambaa changu nikampangusa. Nimesikia habari za ufufuo tangu utoto. Sikuwa nimewahi kuona unavyokaa usoni kwa mtu.

Shina lilifika. Sikumwambia limetoka wapi. Aliliona kwenye pikapu ya Edinah, akaanza utani, akalala kando yake kwenye nyasi tulinganishe. Lilipungua vidole viwili. Akapima tena kwa kiganja. Kisha akasema, "Nilirefuka kidogo baada ya kidato cha nne." Akalibeba mwenyewe begani hadi kaburini, akalizika mwenyewe. Mzee Ombui akavua kofia.

Mchungaji hajui. Niambie, nimekosa mbele za Mungu? Nijibu hilo tu.

Esnah

Birongo,
18 Agosti 2024

Dada,

Nisamehe kimya. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nasoma, na mimi husoma kama ninavyotembea. Natumaini wewe na Linda hamjambo, na ndama amekua. Hapa kumenyesha hadi njia ya sokoni imekatika. Edinah alikaa wiki mbili bila kupita.

Uliniuliza kama umekosa. Kama kuna kosa, limekatwa shambani kwangu. Hilo tumwachie Bwana.

Kitabu nimekisoma mara mbili. Nilipofika penye kamba nilikifunga nikaenda kukata majani ya ng'ombe, nikarudi, bado alikuwa ameishika. Nilishangaa, Esnah. Huyo mama aliyekiandika alinifanya nimpende mtu aliyechoma mji. Siku moja nilipiga magoti kuombea wagonjwa wa kanisa, nikajikuta nimetaja Tindi katikati yao. Mtu asiyekuwepo, wa miaka isiyokuwepo! Nikafumbua macho, nikatazama kama kuna aliyeniona. Kisha nikaendelea kumwombea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

Wengi watasema kosa lake lilikuwa kiburi. Mimi sidhani. Mtambo wa posho ukitaka kuvunjika hubadilisha mtetemo, na msagaji mzuri huusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Tindi masikio yake yalikuwa mazima. Mkewe alimwambia, tena kwa upole, tena wamekaa meza moja. Hakusikia. Hapo sitaandika zaidi.

Umesema vidole viwili. Nasikia amerudi Nairobi, anakula vizuri huko? Uliza tu, usiseme ni mimi.

Naomba jibu.

Ombati

Nyansiongo,
16 Februari 2025

Kaka yangu,

Heri ya mwaka, ingawa umeshaanza kuzeeka. Mimi nilishikwa na homa ya mapafu mwezi wa kumi na mbili, Linda akaniuguza, sasa nakamua mwenyewe. Ian anakula vizuri. Nilimwambia ni wewe uliyeuliza. Nipige ukitaka.

Filamu imekamilika. Wataionyesha mjini Kisii, Jumapili tarehe tisa Machi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa shule moja. Usiniambie mzee wa kanisa haingii sinema. Ni ukumbi wenye picha ya kengele ukutani, na ni Jumapili. Ogeto wa kwenu anakuja mjini na gari lake siku hiyo, nimeshamwandikia, atakupakia na kukurudisha.

Ninajua hutasikia maneno. Nilimwambia Celestine, akasema, "Mama, mlete. Kama uso wa Ian hautoshi bila maneno, basi mimi sijafanya kazi."

Ian atakuwepo. Jioni hiyo hiyo anaondoka na wenzake kwenda Kisumu, halafu mbali zaidi, sijui kurudi ni lini. Sikumwahidi kwamba utakuja, nimekuwa nikimwahidi mambo kwa miaka mitatu. Lakini mimi nimetuombea viti viwili, changu na chako.

Nijulishe.

Esnah

Birongo,
10 Machi 2025

Dada yangu Esnah,

Natumaini ulifika salama na mvua haikuwakuta njiani. Mimi nilifika. Sijalala vizuri, lakini si kwa ugonjwa. Ninaandika kabla ya kukata majani ya ng'ombe, naye ananitazama.

Jana hatukupata nafasi ya kuongea, na hata tungepata, wewe unajua ningesikia nini. Kwa hiyo nakuandikia nilichokiona.

Nyinyi mliona filamu yenye ngurumo na nyimbo. Mimi niliona radi isiyo na sauti. Sijawahi kuiona hivyo maishani, maana radi ya kweli huja na kelele na mtu hufumba macho. Ile ya kwanza iliposhuka kwenye mlingoti, nyeupe, kimya, imejigawa kama mizizi ya mti uliopinduliwa, nilishika kiti cha mbele kwa nguvu. Kumbe nimeshika kilemba cha mama mmoja. Akageuka, nadhani alinitukana. Nikamwinamia kichwa. Nilitaka kumwambia, mama, tazama mbele, tazama kazi ya Mungu ilivyoazimwa na watu.

Halafu nikamwona yeye. Esnah, nimemlea yule mtoto. Nimemlisha, nimemchapa, nimembeba mgongoni tukivuka mto. Nilidhani uso wake naujua. Sijawahi kuutazama muda mrefu hivyo, kwa sababu nyumbani tulikuwa tunasemeshana, na mtu akisema unatazama maneno yake. Jana hapakuwa na maneno. Mji ulipoungua alisimama tu, na nikaona mtu akijua kwamba ni mkono wake, na kwamba alikuwa amependa. Wapi alijifunza hilo? Chuoni hawalifundishi. Nilijua wapi. Alisimama vile vile kando ya jeneza la mama yake, na mimi siku hiyo nilikuwa nikihesabu viti vya wageni.

Walipomteremsha shimoni sikufumba macho. Nilijilazimisha. Pembeni yangu kulikuwa na mzee wa Nyamira, simjui, hanijui, anajifuta machozi kwa mkono wa koti. Ukumbi mzima unamlilia mtoto wangu, na hakuna hata mmoja aliyekula chumvi nyumbani kwangu. Nilitaka kusimama niwaambie, huyu ni wangu! Nikakaa. Nililia kama wao, kama mtu aliyekuja tu kutazama.

Taa zilipowashwa nilibaki kitini. Nilikuwa nimefiwa, Esnah, sikuwa na haraka. Nilipoinua macho alikuwa amesimama kwenye safu yetu, amevaa koti lisilomtosha, wewe uko kando yake. Sikupanga kufanya lolote. Nilinyosha mkono nikamshika shingoni, hapa penye mshipa, nikausikia ukipiga kwenye vidole vyangu. Watu wanasukumana, Ogeto yuko mlangoni ananipungia mkono kwamba gari linaondoka, na mimi nimesimama nimeshika shingo ya mtoto aliyekwisha kuzikwa.

Ndipo akaniambia neno. Niliona midomo. Halikuwa neno moja, yalikuwa kama maneno sita au saba, na mwishoni alingoja, kama mtu aliyeuliza.

Sikusikia hata moja. Na niliona aibu, mbele ya wale wote, kumwambia mwanangu arudie. Nikatikisa kichwa kukubali. Uso wake ukabadilika, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na Ogeto akanivuta.

Sasa sijui nimekubali nini. Kama aliuliza kama anaweza kuja nyumbani, niambie ni lini, nifagie chumba chake na kumfunga mbwa, maana ni mpya, hamjui. Kama alikuwa ananiaga, niambie pia. Wewe ulisimama karibu, na masikio yako ni mazima.

Edinah anapita kwako Jumatano. Tafadhali, dada, niandikie upesi alichosema.

Kaka yako,
Ombati